Seva mbili, UPS moja, na swichi iliyohamishwa soketi

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi na moja na dakika 42 jioni, umeme ukakata kwenye ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, ghorofa ya pili, Kurasini, Dar es Salaam. Laini haikuwa na shida yoyote, majirani wote walikuwa na umeme, ni luku tu iliisha. Dada mhasibu alikuwa anafunga mahesabu ya mwezi, akampigia mwenye jukumu la kununua umeme, huyo jamaa yuko kwenye foleni Barabara ya Mandela, anajibu nanunua sasa hivi dada, nitumie namba ya mita. Huku UPS, lile boksi lenye betri la kushikilia mashine umeme ukikata, inalia pii, pii, pii kwenye kabati na hakuna aliyeshtuka kwa sababu kila mtu pale anajua "tuna UPS".

Tokeni ikaja, tarakimu 20, mlinzi akaenda kwenye mita kwenye kile kigiza chini ya ngazi, akaingiza akakosea, akarudia. Umeme ukarudi kama dakika saba na ushee baada ya kukata. Watu wakafunga ofisi wakaenda zao.

Jumamosi saa mbili asubuhi napigiwa. "Kaka habari za asubuhi, samahani kukusumbua weekend, mfumo haufunguki halafu na yale mafaili hayaonekani." Kwa sauti tu nikajua siku imeharibika.

Mpangilio wa pale niueleze kwanza, na niseme kabisa kwamba mimi ndo niliyeufunga, mwaka na nusu nyuma, kwa hiyo hapa hakuna fundi mwingine wa kumsema. Kuna seva mbili, nitaziita Kobe na Nyati. Kobe ni PC ya zamani yenye Debian, aina moja ya Linux, inabeba mafaili ya ofisi na bekapu za usiku, na waya wa USB kutoka kwenye UPS umechomekwa kwake. Nyati ndo mwenye kazi, ana Proxmox na ndani yake VM tatu, yaani kompyuta tatu za kufikirika ndani ya mashine moja: Linux yenye databesi ya PostgreSQL ambayo ndo roho ya mfumo wa mizigo na uhasibu, Windows ya programu moja ya zamani ya stoo ambayo hakuna anayetaka kuiacha, na kengine kadogo ka mahudhurio ya wafanyakazi. UPS ni moja, zile za kawaida za ofisini za 1500VA, wati 900, ndani ina betri mbili za volti 12 za 9Ah.

Seva zote mbili zina NUT, yaani Network UPS Tools, programu ya bure ambayo kazi yake ni kuongea na UPS na kuzizima mashine kwa utaratibu betri ikikaribia kuisha. Kobe ndo primary kwa sababu yeye ndo ana ule waya wa USB, Nyati ni secondary, anamuuliza Kobe kupitia mtandao, kila sekunde 5, poti 3493, "vipi, umeme upo?" Kobe anajibu OL kama upo, OB kama tuko kwenye betri, na betri ikifika chini inaongezeka LB. Ikiwa OB na LB kwa pamoja, Kobe anapandisha bendera ya FSD, maana yake wote tunazima, na hiyo bendera ikishapanda haishuki hata umeme ukirudi sekunde hiyo hiyo. (Waliozoea matoleo ya zamani watakumbuka master na slave, toka toleo la 2.8.0 la mwaka 2022 ndo zikawa primary na secondary, ila maneno ya zamani bado yanakubalika kwenye faili.)

Kwa hiyo kwenye karatasi kila kitu kipo. UPS ipo, programu ipo, seva zinaongea. Sasa nilichokikuta.

Kobe alikuwa amezima kabisa, kimya, wakati taa ya UPS ni ya kijani na umeme upo. Nyati alikuwa anawaka vizuri tu, feni zinazunguka, lakini PostgreSQL imegoma kuamka, logi yake inasema haioni checkpoint halali, ile alama ya mahali pa kuanzia. Nikakaa chini kwenye kiti cha mhasibu nikacheka kidogo, kicheko cha uchungu, maana aliyekufa vizuri hakufufuka na aliyekufa vibaya ndo kafufuka. Jibu la hilo ni dogo na liko BIOS, ile mipangilio ya mashine yenyewe kabla haijabuti: seva zote mbili zilikuwa zimesetiwa kwamba umeme ukirudi zirudie hali ya mwisho. Kobe alizimwa kwa heshima, hali yake ya mwisho ni "imezimwa", umeme ukarudi akabaki amelala. Nyati alikatwa akiwa anakimbia, hali yake ya mwisho ni "inawaka", akaamka na majeraha yake.

Databesi ilibidi irudishwe kutoka bekapu ya saa nane usiku wa kuamkia Ijumaa. Maana yake kila kilichoingizwa Ijumaa nzima kilipotea, na dada mhasibu na kijana mmoja wa pale walikaa Jumamosi yote mpaka Jumatatu mchana wanaingiza upya risiti moja moja. Sikulipisha kazi ile, nisingeweza.

Baada ya mfumo kusimama ndo nikaanza kusoma logi za seva zote mbili, kwa bahati saa zao zinasetiwa na NTP kwa hiyo unaweza kuziweka pembeni kwa pembeni ukasoma kama mazungumzo. Kobe anasema 17:42:09 UPS iko kwenye betri. 17:48:31 betri iko chini. Sekunde hiyo hiyo FSD, kisha anazima huduma zake moja moja, na mwisho kabisa anaiagiza UPS ikate umeme. Safi kabisa, kama kwenye kitabu. Nyati yeye anasema 17:42:07 kadi ya mtandao imepoteza laini. Sekunde chache mbele, mawasiliano na UPS yamepotea. Saa 17:47 na kitu, UPS haipatikani. Halafu basi. Hakuna mahali popote Nyati ametaja kwamba umeme umekatika. Mstari wa mwisho ni wa 17:48, unaofuata ni wa 17:50 akiwa anabuti.

Angalia hizo sekunde mbili. Nyati alipoteza mtandao 17:42:07, KABLA Kobe hajaandika kwamba tuko kwenye betri. Nikainama chini ya meza na tochi ya simu, nikafuata waya wa swichi. Swichi ya mtandao, ambayo mwaka na nusu uliopita niliichomeka mwenyewe nyuma ya UPS, sasa iko kwenye ekstensheni ya ukutani. Na kwenye soketi yake pale UPS kimechomekwa nini? Printa ya laser ya mhasibu.

Nani alihamisha sijui, na sikuuliza sana. Mtu alitafuta soketi iliyo karibu, akaona waya mwembamba wa swichi akadhani si kitu. Ila ona kilichotokea: umeme ulivyokata swichi ikafa papo hapo, na ile swichi ndo njia pekee ambayo habari ya umeme kukatika ingepita kutoka kwa Kobe kwenda kwa Nyati. Mleta taarifa ya msiba akawa wa kwanza kufa.

Hapa kuna kitu cha NUT ambacho wengi hawakijui na mimi nilikuwa nimekielewa nusu nusu. Secondary akipoteza mawasiliano na primary haizimi hovyo. Ingekuwa inazima kila kebo ikichomoka ofisi ingelia kila siku. Inachofanya ni kuangalia hali ya mwisho iliyoisikia. Kama mara ya mwisho ilisikia OB halafu kimya kikazidi DEADTIME, ambayo kawaida ni sekunde 15, inachukulia UPS imekufa na inazima. Lakini kama mara ya mwisho ilisikia OL, inasema tu "sisikii" na kuendelea na kazi. Nyati hakupata hata nafasi ya kusikia OB. Kwake yeye umeme ulikuwepo mpaka sekunde aliyokatwa.

Na kwa nini databesi ife kabisa, si PostgreSQL imetengenezwa kuvumilia kukatikiwa umeme? Ndiyo, inavumilia, ikiwa diski inasema ukweli. Saa 11:40 jioni dada alikuwa amebonyeza funga mwezi, kazi inayokwenda ndani ya seva yenyewe kama dakika 20, kwa hiyo hata mtandao ulivyokufa databesi iliendelea kuandika kwa nguvu zote. Na diski ya ile VM ilikuwa kwenye cache ya writeback unsafe. Hii niliiweka mimi, wakati wa kuhamisha data mwanzoni, ili iende haraka, nikasema nitairudisha nikimaliza. Aisee. Kwenye hali hiyo PostgreSQL inaomba "hakikisha hii imefika kwenye diski", na inajibiwa imefika wakati bado iko kwenye RAM. Umeme ukikatwa hapo hakuna ustadi wa databesi utakaokuokoa. Ile VM ya Windows, ambayo mimi ndo ningeibetia ife, iliamka baada ya kukagua diski yake tu.

Sasa mtu mvivu angeishia hapa, rudisha swichi kwenye UPS, badilisha cache, tuma invoisi. Mi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kufunga begi. Nikajiuliza swali moja, hivi ile swichi ingekuwa hai, Nyati angepona? Nikakaa tena na kalamu. Jibu ni hapana.

Twende pole pole. 17:48:31 Kobe anapandisha FSD. Tuseme Nyati kasikia, ndani ya sekunde 5. Kinachofuata ni kwamba Nyati anaanza kuzima na papo hapo anajitoa kwenye orodha ya Kobe, hasubiri KUMALIZA kuzima. Kobe ana HOSTSYNC ya sekunde 15, wengi wanadhani hiyo ni muda wa kuwasubiri wengine wamalize kuzima, kumbe ni muda wa kuwasubiri wajitoe tu. Nyati akishajitoa, Kobe anaona hakuna mtu, anasubiri FINALDELAY yake ya sekunde 5, anazima, kama sekunde 25, halafu UPS inahesabu sekunde 20 na kukata. Jumlisha, haifiki hata dakika moja na robo toka FSD mpaka giza. Na Nyati anachukua muda gani kuzima? Sikuwahi kupima! Mwaka na nusu. Nikapima siku ile ile kwa saa ya simu: dakika 4 na sekunde 15.

Kwa hiyo printa ya mhasibu ilinisitiri tu. Kosa la swichi linaonekana kwa macho na kila mtu analielewa, ila chini yake kulikuwa na langu, na lenyewe lingemuua Nyati vilevile swichi ikiwa inawaka taa zote.

Halafu betri. Jioni ile ilidumu dakika 6 na sekunde 22 mpaka kusema niko chini, wakati ukiuliza upsc, amri ya NUT ya kuona hali ya UPS, wiki yoyote ya nyuma inakuambia battery.charge 100 na battery.runtime dakika zaidi ya 20. Hayo ni makadirio ya UPS yenyewe, haijui betri imezeeka mpaka ibanwe. Betri za aina hii, za risasi zilizofungwa, zinapimwa uhai wake kwa joto la nyuzi 25, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka zinakata maisha ya betri nusu. Sasa weka betri kwenye kabati Kurasini, AC inazimwa kila jioni na weekend nzima kubana matumizi, Desemba mpaka Machi, unategemea nini. Juu ya hapo ile printa ya laser, ambayo ikipasha joto inavuta mamia ya wati kwa mkupuo, na dada mwenyewe alikiri kwamba umeme ulipokata aliona printa bado inawaka akaona bora aprinti zile PDF zake kutoka kwenye laptop wakati anasubiri tokeni. "Si niliona ina umeme kaka, nikasema Mungu mkubwa."

Basi, marekebisho. Nitasimulia kwa mpangilio niliofanya, ambao si lazima uwe mpangilio bora.

Swichi ikarudi UPS, printa ikaenda ukutani, na nyuma ya UPS nikazungushia tepu nyekundu kila plagi. Lakini tepu haizuii mtu mwenye haraka, kwa hiyo nikafanya kitu kingine: Kobe na Nyati kila mmoja alikuwa na poti ya mtandao ya ziada haitumiki, nikavuta kebo moja fupi kutoka huyu kwenda huyu moja kwa moja, bila swichi, nikawapa anwani zao za peke yao, 10.10.10.1 na 10.10.10.2. Habari za umeme zinapita humo tu. Kwenye upsd.conf ya Kobe, faili la NUT la upande unaotoa habari, nikaongeza mstari wa LISTEN 10.10.10.1 3493, na kwenye upsmon.conf ya Nyati, faili la upande unaosikiliza na kuzima, ule mstari wa MONITOR ukasoma ups1@10.10.10.1. Sasa hata mtu akiibeba swichi nyumbani, Nyati atasikia. Kama una seva mbili zilizokaa jirani na poti zipo, sioni sababu ya kutofanya hivi, ni kebo ya nusu mita.

Kuzima kwa Nyati. Zile dakika 4 na sekunde 15, karibu dakika 3 zilikuwa za Windows peke yake. Proxmox ikiiambia VM izime inatuma ishara kama mtu kabonyeza kitufe cha pawa, na ile Windows ilikuwa inaipuuza, Proxmox inasubiri sekunde 180 halafu inaiua. Nikaweka qemu guest agent ndani yake, kiprogramu cha kuongea na Proxmox, ikaanza kusikia, ikazima kwa sekunde 50. Nikaipa ukomo wa sekunde 90 kwa zile siku itakazoamua kujisasisha yenyewe katikati ya msiba, baada ya hapo iuliwe tu, samahani. Mpangilio nikaweka PostgreSQL iwake ya kwanza, na Proxmox kwenye kuzima inarudi kinyume, kwa hiyo databesi inazima ya mwisho, wanaoitumia wakiwa wameshaondoka. Jumla ya Nyati ikashuka mpaka dakika 1 na sekunde 35, na kwa siku mbaya kama dakika 2 na robo. Na cache, ndiyo, nikaitoa unsafe. Mfumo ukawa mzito kidogo tu, hakuna aliyelalamika.

Muda wa Kobe. FINALDELAY yake nikaipandisha kutoka 5 mpaka 180. Maana yake akishapandisha FSD na Nyati akajitoa, Kobe anakaa macho dakika 3 nzima bila kufanya kitu, analinda mlango, ndo anazima mwenyewe. Kwenye ups.conf nikaweka offdelay 60 na ondelay 180, ya kwanza ni muda ambao UPS inasubiri kabla ya kukata, ya pili ni muda wa kurudisha umeme, na hiyo ya pili lazima iwe kubwa kuliko ya kwanza. Ujue pia kuna UPS ambazo zinahesabu kwa dakika kamili, ukiwapa 20 wanasoma sifuri na kukata hapo hapo, ndo maana napenda namba zinazogawanyika kwa 60.

Kuna wanaoondoa kabisa hiyo hatua ya UPS kukata umeme, wanaona inatisha, yaani UPS inajizima yenyewe wakati kazi yake ni kutoa umeme? Mi naona ni lazima. Fikiria umeme unarudi seva zikiwa katikati ya kuzima. FSD haishuki, kwa hiyo zitamaliza kuzima. UPS haijakata, umeme upo, na seva kwa upande wake hazijaona umeme ukiondoka hata sekunde, kwa hiyo BIOS haina sababu ya kuziwasha. Unabaki na ofisi yenye umeme na seva zilizolala mpaka mtu aje abonyeze. UPS ikikata na kurudisha, BIOS inaona umeme umekuja, inawasha. Hapo ndo nikaingia BIOS ya zote mbili nikaweka ziwake kila umeme ukirudi, hiyo habari ya hali ya mwisho nikaitupa.

Lini tuanze kuzima? Awali tulikuwa tunasubiri betri iseme niko chini. Nikaachana na hilo. Kwa mji huu umeme unaokata ukarudi ndani ya dakika moja ni wa kila mara, unaovuka dakika mbili kwa kawaida unakaa, au mtu ndo kwanza anatafuta tokeni. Kwa hiyo nikatumia upssched, taima ya NUT yenyewe: ikiingia OB taima inaanza, sekunde 120, umeme ukirudi kabla taima inafutwa, usiporudi inaendesha upsmon -c fsd na safari inaanza. Hesabu yake: 120 za kusubiri, 10 hivi za Nyati kusikia na kujitoa, 180 za Kobe kulinda, 25 za Kobe kuzima, 60 za UPS. Sekunde 395, dakika 6 na sekunde 35. Betri ya zamani ilisema iko chini kwenye 6:22. Umeona? Hata na mpangilio huu wote ilikuwa haitoshi.

Betri mpya nilizifuata Kariakoo mwenyewe, sikumtuma mtu, na nilienda na mita ya kupimia volti. Betri iliyokaa na chaji kamili inatakiwa isome kama volti 12.8 au zaidi, ya kwanza aliyonipa muuzaji ilisoma 12.3, nikamrudishia, akasema fundi hiyo ukichaji inapanda tu, nikamwambia shikamoo mzee ila nipe nyingine. Pair ya nne ndo ikanifurahisha. Ofisini nikaweka seva ukutani kwa muda, nikachomeka kwenye UPS taa tatu za zamani za wati 100 na feni ya kusimama, jumla karibu wati 350, kwa sababu ups.load, yaani mzigo, ya seva zote na swichi ilikuwa asilimia 39 ya wati 900. Nikazima umeme wa ukutani nikakaa na chai. Dakika 17 mpaka UPS ikanyamaza. Hiyo ndo namba ninayoiamini, si ile ya kwenye skrini. Na bado nikaweka ignorelb na override.battery.charge.low 50, yaani isisikilize UPS ikisema iko chini, asilimia 50 ndo ihesabiwe chini, ili siku betri ikianza kuchoka kengele ilie nusu ya safari na si mwisho wake.

Jaribio la kweli tulifanya Jumapili moja asubuhi, bekapu imechukuliwa, VM zote zinafanya kazi. Sikuchomoa plagi ya UPS, ukichomoa unaondoa na waya wa ardhi, nilizima swichi ya soketi. Dakika mbili zikapita. Tatu. Nne. Kimya, seva zinachapa kazi. Nikawasha umeme haraka, nikaenda kwenye logi, taima haikuanza kabisa. Nilikuwa nimeandika upssched.conf vizuri, nimeweka na NOTIFYCMD, ile amri ya kuiita, ila kwenye upsmon.conf mstari wa NOTIFYFLAG ONBATT ulikuwa na SYSLOG bila EXEC. Bila lile neno upsmon inaandika logi halafu haimwiti mtu. Neno moja. Kama nisingejaribu ningeondoka pale nikiwa na seva ambayo inaandika vizuri sana kwenye logi kwamba inakufa.

Nikaongeza EXEC kwenye ONBATT na ONLINE zote mbili, maana ukisahau ya pili taima haifutwi umeme ukirudi. Awamu ya pili: sekunde ya 120 FSD, Nyati akaanza kuzima VM moja moja, Windows, kadogo, PostgreSQL, akazima mwenyewe. Kobe akakaa. Kukaa kwake kule kunatesa, unaangalia skrini haifanyi chochote dakika nzima na unajua umemwambia akae lakini mkono unataka kubonyeza kitu. Akazima. UPS ikapiga tiki, giza kwenye kabati, hata taa za swichi. Kisha nikawasha soketi, nikahesabu, na baada ya dakika tatu hivi UPS ikarudisha na feni zote mbili zikaanza kuvuma. Awamu ya tatu nilirudisha umeme makusudi wakati Nyati yuko nusu ya kuzima, zikazima zote, UPS ikakata na umeme upo, ikarudisha, zikaamka. Hiyo ya tatu ndo nilikuwa naiogopa.

Kitu kimoja cha ziada, betri ikishatumika inahitaji masaa kurudi, na umeme ukirudi mara nyingi unakata tena ndani ya nusu saa. Kwa hiyo VM za Nyati haziwaki zenyewe tena, kuna kaskripti kanamuuliza Kobe battery.charge, ikizidi 60 ndo kanaziwasha. Asubuhi kama umeme ulikata usiku watu wanasubiri kidogo. Nilimweleza bosi, akauliza kuna namna ya kutosubiri? Nikamwambia ipo, jenereta, akasema tusubiri tu.

Wiki tano baadaye luku ikaisha tena, safari hii saa nane mchana, na aliyetakiwa kununua hakupatikana kwenye simu zaidi ya nusu saa. Mi nilikuwa Mbagala kwa mteja mwingine, nikaona tu ujumbe kwenye simu, kwenye betri, baadaye FSD, halafu kimya, halafu karibu saa tisa Kobe amerudi, Nyati amerudi, na muda mrefu baadaye VM tatu. Nikangoja simu. Ikaja kweli, dada mhasibu.

"Kaka, mfumo uko sawa, ila hii printa imezima katikati ya karatasi, na karatasi imebaki ndani. Si uirudishe tu kule ilikokuwa?"